Spika Sokoni, Kimya kwa Jirani

 

Neno letu leo ni 1 Petro 3:15-16. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kabla ya kuendelea, usitegemee tu maneno yangu.

Umesoma? Sasa tuendelee. Petro anawaandikia Wakristo waliotawanyika, wanaosemwa vibaya na majirani zao, na anawapa mambo matatu. La kwanza, wakae tayari. La pili, wamjibu kila mtu anayewauliza habari za tumaini lao. La tatu, wajibu kwa upole na kwa heshima, dhamiri zao zikiwa safi.

Sisi wahubiri wa Kisii na Nyamira tumelishika la kwanza kwa mikono miwili. Tuko tayari saa zote. Tuko tayari Daraja Mbili siku ya soko. Tuko tayari Keroka barabarani. Tuko tayari ndani ya basi la Nairobi kabla halijaondoka, abiria wakiwa wamebanwa vitini hawana pa kwenda. Hilo la pili tumelisahau, kwa sababu hatungoji mtu yeyote aulize. Na la tatu, la upole, tumeliacha nyumbani kabisa.

Leo nitasema wazi. Najua kuna mtumishi mwenzangu atakayekasirika. Akasirike, lakini asome hadi mwisho.

Shida yetu, mpendwa, ni hii: tuna sauti kubwa mahali ambapo kushuhudia hakutugharimu chochote, na tunanyamaza mahali ambapo kungetugharimu.

TUKUMBUKE KILICHOTOKEA KWETU

Mwezi wa Mei mwaka 2008, hapa Kisii, kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba na kuwachoma moto watu 11 kwa madai kwamba ni wachawi. Wengi wao walikuwa akina mama wazee. Dunia nzima ilisoma habari hiyo, na jina la Kisii likawekwa karibu na neno uchawi hadi leo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, akina mama wanne waliuawa na kundi la watu kwa madai hayo hayo. Waliitwa abarogi. Walichomwa.

Kati ya 2008 na 2021 ni miaka 13. Sasa nakuuliza, katika miaka hiyo 13 Gusii ilifanya krusedi ngapi? Ni mikesha mingapi? Ni mabango mangapi yalibandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia Suneka hadi Nyansiongo, yenye picha kubwa ya mhubiri na jina la Yesu kwa herufi ndogo chini? Nani katika nchi hii amesikia mahubiri kuliko sisi? Na bado, baada ya mahubiri hayo yote, kijana wa kwetu aliweza kushika mkebe wa petroli na kwenda kwa nyumba ya omongina aliyemfahamu tangu utotoni.

Vijana wale hawakutoka nchi ya mbali. Walikua kati yetu, katika vijiji ambavyo kengele ya kanisa moja inasikika ukiwa mlangoni mwa kanisa lingine. Kama Injili tuliyoipaza haikumfikisha kijana huyo mahali pa kumwona mama mzee kuwa ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, basi tulipaza sauti lakini hatukumfikishia Injili.

NA WENGINE WETU TULITIA KUNI

Hapa ndipo penye uchungu. Wako watumishi ambao huduma yao yote imejengwa juu ya sentensi moja: adui yako yuko karibu nawe. Mtu anakuja na shida ya kweli. Mtoto hapiti mtihani. Ndoa haikai. Chai haileti pesa. Anaambiwa, "Naona mwanamke mzee, mweusi, katika ukoo wa baba yako, ameshika kitu." Nani hana mwanamke mzee katika ukoo wa baba yake? Mtu yule anarudi nyumbani na jina kichwani. Mhubiri hakulitaja, lakini alimwachia nafasi ya kulijaza. Kisha sadaka imetolewa, mafuta yamenunuliwa, na mhubiri ameenda mji mwingine. Anayebaki kijijini ni yule omongina, peke yake, mlango wake una komeo la mbao.

Na mara nyingi omongina huyo ni mjane. Ana kipande cha shamba ambacho kuna mtu anakitazama. Hana mtoto wa kiume wa kumtetea, au watoto wako Nairobi. Au umri umemlemea, kumbukumbu imepotea, akatoka usiku akapatikana kwenye boma la jirani bila kujua alifikaje. Watu wakasema wamemshika akiroga. Mpendwa, huyo ni mgonjwa. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha kitandani.

Utaniuliza, "Pasta, kwani wewe unakana kwamba uchawi upo? Si Biblia inautaja?"

Biblia inautaja, nami naiamini Biblia. Lakini isome yote. Katika Matendo 8 kuna Simoni, mtu aliyejulikana Samaria nzima kwa uchawi wake. Hakuwa wa kudhaniwa, alikuwa mchawi kweli. Petro alimkemea vikali, akamwambia atubu na amwombe Bwana. Hakuna aliyewasha moto. Katika Matendo 19, kule Efeso, watu waliokuwa wakifanya uganga walikuja wenyewe, wakakiri, wakaleta vitabu vyao vikachomwa. Tazama vizuri ni nini kilichochomwa. Ni vitabu. Wenye vitabu walienda nyumbani wakiwa hai, wameokoka.

Na kama unataka andiko lililoandikwa kwa ajili ya kijana wa petroli, soma Luka 9:51-56. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohana, wanafunzi wa ndani kabisa, wakataka ruhusa ya kuita moto ushuke uwateketeze. Walikuwa na bidii. Walikuwa na imani kwamba moto ungekuja. Yesu aligeuka akawakemea. Aliokemea pale ni wanafunzi wake, wala si wale Wasamaria. Kisha wakaenda kijiji kingine.

Paulo naye, katika Waefeso 6:12, ameshatuambia kwamba vita vyetu havipigwi na watu wenye damu na nyama. Mama wa kule Marani ana damu na nyama. Ukimpiga yeye, umeshatoka kwenye vita vya Kristo, umeingia vita vya mwingine.

Hata sheria ya Kenya inajua hili kuliko baadhi ya madhabahu zetu. Sheria ya Uchawi, iliyoko tangu 1925, inafanya kuwa kosa kumtangaza mtu kuwa mchawi. Mwenye malalamiko huyapeleka kwa chifu au kwa polisi. Kumtangazia mtu uchawi kwenye kipaza sauti si unabii, ni kosa la jinai.

"PASTA, SI BASI TUNYAMAZE?"

Kuna upande wa pili, na nao nitausema. Wako Wakristo ambao wakisikia haya watafurahi na kusema, "Ndiyo maana mimi imani yangu huiweka moyoni. Sisumbui mtu."

Mpendwa, hiyo nayo siikubali. Taa haiwashwi ikafunikwa kwa pishi. Yesu alilisema hilo katika Mathayo 5. Wewe ni mwalimu, muuguzi, afisa wa kaunti, mwenye duka pale Kebirigo. Miaka kumi unafanya kazi na watu wale wale, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini huchukui hongo. Wanadhani ni woga. Waambie ni kwa ajili ya nani! Kama Bwana amekutoa kwenye pombe, mwenzako anayezama kwenye pombe ana haki ya kujua jina la aliyekuvuta. Kumficha jina hilo si unyenyekevu. Ni kumnyima mgonjwa jina la dawa iliyokuponya.

Kwa hiyo shuhudia, tena waziwazi. Ila uwazi una adabu yake.

Mwalimu hawalazimishi wanafunzi waokoke ndipo wapate alama. Muuguzi hamhubirii mgonjwa aliye na maumivu bila kumwuliza kama angependa kuombewa. Mwajiri hamfuti mfanyakazi wa shambani kwa kuwa ni Msabato na hachumi chai Jumamosi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inakupa wewe uhuru wa kuabudu na kufundisha imani yako hadharani, na hapo hapo inakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Ndio uhuru ule ule, unakulinda wewe na unamlinda yule unayemhubiria.

Mwangalie Filipo katika Matendo 8. Alimwona yule Mkushi akisoma garini mwake. Alikimbia, ndiyo, bidii alikuwa nayo. Lakini kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza swali: je, unaelewa unachosoma? Na hakuingia garini mpaka alipokaribishwa. Alipoingia, alikaa. Alianzia pale pale mwenzake alipokuwa amefika. Linganisha na sisi tunaopanda basi tukiwa tumeshaanza kupiga kelele.

Mtu atasema, "Lakini Petro siku ya Pentekoste alipaza sauti kwa maelfu!" Ni kweli. Rudia Matendo 2 usome taratibu. Umati ndio uliouliza kwanza, hii ni nini? Petro akasimama kujibu. Kisha wakachomwa mioyo, wakauliza tena, tufanye nini? Mahubiri yale yana maswali ya watu mwanzo na mwisho. Watu walikuwa wameona kitu. Swali langu kwako ni hili: jirani zako wameona nini kwako kinachowafanya waulize?

"Na Yohana Mbatizaji je, aliyewaita watu wazao wa nyoka?" Aliwaambia hivyo wakubwa wa dini, akamkemea na mfalme, na gharama yake ilikuwa kichwa chake. Ukitaka ukali wa Yohana, peleka kwa wenye nguvu. Mkemee mwanasiasa anayekuja na bahasha siku ya harambee ya kanisa. Usimpelekee mjane ukali huo halafu ukajiita nabii.

KWA NINI WATU HAWATUSIKII TENA

Mambo mengine matatu kwa kifupi.

Kwanza, ugomvi wa siku. Injili ilifika kwetu kwa milango mingi. Waadventista walianza Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen kutoka Kanada pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, na mwaka 1912 wakafika Nyanchwa. Wakatoliki walikuwa wameanza Nyabururu mwaka 1911. Sisi Wapentekoste tulikuja baadaye. Sasa mhubiri wetu anasimama sokoni saa mbili, na saa moja na nusu inaisha kwa kuwasema Wasabato na Wakatoliki. Aliyekuja kununua ndizi anaondoka akijua tunampinga nani, hajajua tunampenda nani. Warumi 14 ipo. Simama na unachoamini, mimi nasimama na changu, lakini msalaba uhubiriwe kwanza.

Pili, kelele. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zipo, na NEMA hawakuzitunga kupigana na Roho Mtakatifu. Spika inapoelekezwa kwa nyumba ambayo mtoto mchanga na mgonjwa wanalala, saa nane za usiku, mgonjwa hasikii habari njema. Anasikia kwamba Mungu wetu hajali kama yeye amelala. Mathayo 12 inatukumbusha unabii wa Isaya juu ya Kristo mwenyewe: hakuwa mtu wa kupiga makelele njiani, na mwanzi uliopondeka hakuuvunja. Kama Bwana alikuwa hivyo, mtumwa wake amepata wapi ruhusa nyingine?

Tatu, Shakahola. Mwaka 2023 Wakenya waliona zaidi ya miili 400 ikifukuliwa kule Kilifi, ya watu waliomfuata mhubiri. Tangu siku hizo, ukimwambia mtu "mimi ni pasta," macho yake hubadilika kidogo. Usimlaumu. Ana haki ya kutuangalia mara mbili. Kitakachorudisha imani yake kwetu ni maisha anayoweza kuyachunguza: mhubiri anayejulikana anakaa wapi, anayekubali kuulizwa habari za pesa, anayemwambia mgonjwa aombewe na pia aende hospitali. 2 Wakorintho 4:5 ndiyo kipimo chetu. Tunamhubiri Kristo kuwa Bwana, na sisi ni watumishi wa watu kwa ajili yake. Toa picha yako kwenye bango, uone kama bado una hamu ya krusedi.

SASA UFANYE NINI?

Sitaki upige "Amina" hapa chini halafu upite. Wiki hii fanya mambo haya.

Moja. Kijijini kwako kuna mama mzee ambaye watoto wanaambiwa wasipite kwake. Unamjua. Nenda kwake mchana, watu wakiona. Chukua unga na sukari. Kaa. Kunywa chai yake, na uinywe yote. Usipige picha, usichukue video ya kuweka mtandaoni. Msikilize, halafu umwulize kama angependa muombe pamoja. Akikataa, mshukuru kwa chai na urudi tena wiki ijayo. Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Na ujue kwamba kikombe kile cha chai, mbele ya kijiji kizima, ni mahubiri makubwa kuliko spika kumi. Watakuuliza, "Huogopi kunywa kwake?" Swali limekuja lenyewe! Hapo ndipo 1 Petro 3:15 inapoanza kazi. Jibu, kwa upole.

Mbili. Kwenye mazishi, wewe unayepewa kipaza sauti, ziba ule mlango. Sote tunajua swali linalozunguka nyuma ya hema: nani amemuua? Kama familia imekubali lisemwe, sema waziwazi kwamba marehemu alikuwa na sukari, au presha, au saratani, na kwamba madaktari walijitahidi. Kama hujui ugonjwa, sema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, na mtu yeyote asibebe jina la mwenzake kutoka kwenye kaburi hili. Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha ya mtu kabla jua halijatua.

Tatu. Ukisikia jina la mtu linatajwatajwa, au vijana wanapanga, usikimbilie kwanza kuomba halafu ulale. Omba ukitembea. Mwambie mzee wa Nyumba Kumi, mwambie chifu, piga 999 au 112. Mtoe yule mama usiku huo akalale kwako au kwa mtu salama. Mithali 31:8 inatuamuru tufungue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Huo ndio ushuhuda wa wazi. Kinywa ulichokifungua sokoni bila kuombwa, kifungue na hapa.

Nne. Kijana, wewe nakuambia moja kwa moja. Siku watakapokuita uende nao usiku, hutapata nafasi ya kufikiri. Amua leo. Waambie wenzako leo, kwenye kituo cha boda boda, kwamba wewe ni wa Yesu na moto huo hutaushika. Watakucheka. Wacha wacheke. Labda mmoja wao anasubiri mtu wa kwanza aseme hivyo ndipo na yeye apate nguvu.

Tano. Mchungaji mwenzangu, Jumapili hii, au Sabato hii kama ndiyo siku yako, lisemee jambo hili madhabahuni. Usilizunguke. Taja Marani. Taja mwaka 2008. Kama katika ushirika wako kuna mtabiri anayewaonyesha watu "adui wa ukoo," mwite ofisini, mzuie, hata kama ndiye anayejaza viti. Viti vikibaki vitupu na mama mmoja akabaki hai, mbinguni hawatakuuliza kuhusu viti.

Mpendwa, Yesu hakutuaibikia. Alihesabiwa pamoja na wahalifu, akapigwa na umati uliokuwa na uhakika kwamba unamfanyia Mungu kazi. Anajua vizuri kusimama upande ule ambao watu wana mawe na wewe huna kitu. Ukisimama mlangoni pa omongina yule, utamkuta ameshafika kabla yako.

TUOMBE

Bwana Yesu, tupe kinywa kisichoona haya kukutaja, na moyo usiojiinua juu ya mtu yeyote. Walinde wazee wetu wa Kisii na Nyamira usiku wa leo. Wazuie vijana wetu wasimwage damu. Tusafishie madhabahu zetu. Na jirani yangu atakaponiuliza kuhusu tumaini nililo nalo, nipe jibu, na unipe upole wa kulisema. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mtumie ujumbe huu mchungaji mmoja na kijana mmoja unayemjua. Kisha nenda ukanunue sukari, mama yule anakungoja.

Ubarikiwe.